Jani la Kijani na Paka wa Jumatatu

Swali lililoninyima usingizi ni hili: mtu ambaye hajaonja nyama tangu azaliwe, akilishwa cha mnyama bila kujua, amekula au hajala? Na wewe unayejua, ukinyamaza, umemlinda au umemlisha mara ya pili?

Najua mnacheka. Nyinyi mnaomaliza chuo mwaka huu mmezoea kuniona kwenye kundi letu la simu nikiandika ujumbe mrefu kuhusu jambo dogo, kisha nikiufuta, kisha nikiuandika upya. Juzi mmoja wenu aliniuliza, "Dada Resti, kazi ya ubora kiwandani ikoje? Wewe si umeshastaafu, tupe siri." Alikuwa ananitania, maana sijafika hata thelathini. Lakini kazi ile nimeiacha na siirudii, na waliostaafu ndio huwaandikia vijana. Basi nisomeni kama mstaafu.

Kiwanda chetu kilikuwa Bigwa, chini ya Uluguru, pale mlima unapoanza kuinuka nyuma ya nyumba. Neno kiwanda nalitumia kwa heshima tu. Kilikuwa jiko kubwa, chumba cha kufungashia, stoo, na ofisi ambayo mlango wake haukufunga. Tulikaanga krispi za ndizi mbichi kutoka Matombo, nyumbani kwetu, tukazitia chumvi ya mawe na pilipili manga ya hukohuko. Kila pakiti ilibandikwa lebo yenye jani la kijani, na chini yake maneno: Mboga tupu. Hakuna chochote cha mnyama.

Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba jani lile linasema kweli. Nilikuwa afisa ubora, yaani mtu pekee mwenye koti jeupe, ambaye wenzake wananyamaza kidogo anapoingia.

Kuuliza ndiyo kazi yenyewe. Mengine mtajifunza mbele ya safari. Niliyempokea kijiti ni Dada Zuhura, aliyekuwa anahamia Dodoma kumfuata mumewe. Siku zake za mwisho mwisho alinipeleka kwa mama lishe mmoja karibu na soko, akaniambia niagize chakula kisicho na nyama.

"Mama, una chakula kisicho na nyama?"

"Nina wali samaki."

"Samaki pia sitaki, mama."

"Basi wali kuku."

"Kuku naye ni nyama."

"Kuku ni kuku," akasema mama lishe. Akaniangalia vizuri usoni. "Unaumwa?"

Nikaomba wali maharage. Yalikuwa matamu, matamu kupita maharage yanavyostahili kuwa. Zuhura akaonja kijiko kimoja, akaweka kijiko chini. Hakuuliza kilichomo. Aliuliza, "Mama, maji ya kuchemshia haya umeyatoa sufuria gani?"

"Supu ya mifupa ya jana," mama lishe akajibu kwa fahari. "Mgeni wangu nitamtilia maji matupu?"

Tulipotoka, Zuhura hakuwa anacheka. "Umeona?" akaniambia. "Hajakudanganya hata mara moja."

Maneno hayo niliyachukulia kirahisi, nikaja kuyaelewa baadaye kwa gharama. Kwa hiyo nyinyi msiulize chakula kina nini. Ulizeni kimepita wapi. Kisu kilikata nini asubuhi, mafuta yalikaanga nini jana, kitambaa cha kufutia meza kinafuliwa wapi. Na mkiuliza muwe mmesimama jikoni. Kwenye simu kila jiko ni safi.

Sasa paka.

Sijui walianza lini. Mimi niliwaona Jumatatu moja ya masika, siku ambayo ukungu ulishuka kutoka Uluguru mpaka ukajaa uani, geti halionekani kutoka mlangoni. Nilifungua mlango wa chumba cha kufungashia, nikawakuta wamekaa. Hawakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Paka wa mtaani hulia, hugombana, hujisugua miguuni mwa watu. Hawa walikaa mkao mmoja, mikia imezungushwa miguuni, nyuso zote zimeelekea mlango wetu, kama watu waliowahi msibani na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema neno. Kila ukungu ulipopungua kidogo, nyuma yao walionekana wengine.

Nilimwita Mzee Shomari, mlinzi wetu.

"Shikamoo, mzee. Hawa paka ni wa nani?"

"Marahaba. Hao ni wa Jumatatu."

"Wa Jumatatu vipi?"

"Jumatatu wanajaa. Jumanne wanapungua. Ikifika Alhamisi huwaoni. Mimi siwaulizi, nao hawaniulizi."

"Huwafukuzi?"

"Nilimrushia mmoja kandambili," akasema. "Akaiangalia kandambili, akaniangalia mimi. Nikaenda kuifuata mwenyewe, nikarudi kukaa."

Mtu mwingine angefunga mlango akaendelea na kazi. Mimi nilianza kuwaza. Nikatafuta panya stoo, sikupata hata kinyesi chao. Nikawauliza wafungashaji kama kuna anayekuja na dagaa kwenye mfuko, wakanuna wiki nzima. Nikakagua mafuta ya alizeti, chumvi, pilipili, magunia, mifuko ya plastiki. Kila kitu kilikuwa na karatasi zake, na karatasi zote zilikuwa safi.

Ndipo nikaanza kuishuku lebo yenyewe. Niliwahi kusikia kwamba gundi nyingine hutokana na mifupa, na wazo hilo likanikaa kichwani kama wimbo mbaya: jani linalosema hakuna cha mnyama, halafu limebandikwa kwa mnyama. Nikampigia simu kijana wa Dar aliyekuwa anatuchapia.

"Kaka, gundi ya hizi lebo imetengenezwa na nini?"

"Dada, kwani nyinyi mnauza ndizi au mnauza lebo?"

"Nataka kujua tu."

"Gundi ya kiwandani, ya kisasa, haina mifupa. Na mwambie mteja wako asilambe."

Sikuridhika. Jumatatu iliyofuata nilitupa lebo tupu uani, mbele ya paka. Hakuna aliyeiangalia. Kisha nikatupa kipande kimoja cha krispi. Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja. Hakuna aliyesogea. Nikarudi ndani, nikachungulia dirishani: krispi haipo, na wao wamekaa vilevile, kama vile hakuna aliyewahi kunyanyuka.

Hapo nilijua kwamba paka wanasoma kitu kwenye pakiti zetu ambacho mimi sikioni.

Niwaambie sasa habari za Ba.

Ba alikuwa mama wa Kihindu, mtu mzima sana, akiishi ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani nyuma ya soko. Ba maana yake mama au bibi kwao, na mtaa mzima ulimwita hivyo, wauza nyanya kwa wapakiaji. Bosi wetu, Bwana Karim, alikulia mlango wa pili kutoka kwake, akila kwake mchana na kwao jioni. Ba hakuwahi kula nyama wala samaki wala yai, wala mama yake, wala bibi yake. Tena alikuwa na siku zake za kufunga, ambazo hagusi nafaka. Siku hizo alikula matunda, maziwa, na krispi zetu. Aliniambia kwamba anafunga kwa ajili ya marehemu mumewe, na kwamba kila siku anayoifunga kwa usafi inamfikia mzee huko aliko.

Krispi zetu zilianza kwa ajili yake. Bwana Karim hakuwa na hati wala nini alipoanza. Alikuwa na Ba. Wasiokula nyama wa mji huu walinunua kwa sababu Ba ananunua, na wale wageni wa hoteli za mlimani, wanaojiita vigani na hawagusi hata asali, walinunua kwa sababu wenye hoteli waliwasikia wenye maduka.

Mimi nilimpelekea pakiti zake, maana nilipita kwake nikielekea nyumbani. Kila mara ilikuwa vilevile. Anavaa miwani, anaweka kidole juu ya jani la kijani, ananiuliza, "Hakuna chochote cha mnyama?"

"Hakuna, Ba."

"Haya." Ndipo anapokea.

Alasiri moja nilifika kwenye ngazi zake nikawakuta. Walikuwa wamekaa ngazi kwa ngazi, kutoka chini mpaka juu, wameelekea mlango wake. Ngazi zile zilikuwa nyembamba. Nilipanda katikati yao nikiwa nimeshika sketi, na hakuna aliyenipisha wala kunigusa. Nilisikia pumzi zao tu.

Ba alifungua kabla sijabisha.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe unawaona?"

"Nawaona."

"Afadhali. Nilidhani ni macho yangu." Akanivuta ndani, akarudishia mlango polepole, kama mtu ambaye hataki kumwamsha mtoto. "Wanakuja siku ninazofunga tu. Siku ninazokula wali na dengu, ngazi tupu. Nimekaa nikawaza, nikaelewa wanachotaka."

"Wanataka nini?"

"Wananisubiri."

Aliniambia hivyo bila kubadilisha sauti. Kisha akanionyesha kitanda chake. Sari zake zote zilikuwa zimekunjwa mafungu mafungu, kila fungu la mtu wake. Sufuria ya jirani alishairudisha. Na alikuwa ameongeza siku za kufunga, akaniambia, ili siku ikifika akutwe safi.

Nilimwelewa. Aliongeza kufunga kwa sababu ya paka, na kila alipoongeza kufunga, paka waliongezeka.

Akafungua pakiti, akamimina krispi kwenye bakuli la chuma, akanisogezea. Harufu ikaja.

Nataka mnielewe hapa. Kiwandani pua yangu ilikuwa imekufa. Mafuta, moshi, pilipili, vyote vilishakuwa kitu kimoja. Lakini nyumba ya Ba haikuwahi kuingia nyama hata siku moja. Ilinuka udi, binzari na sabuni. Na ndani ya hewa ile, kutoka kwenye bakuli lile, nilisikia jiko la bibi yangu Matombo. Niliisikia kabisa: asubuhi ya baridi, kuni mbichi, mikono ya bibi. Kwa kitambo kidogo nilifurahi kama mtoto. Nikatabasamu peke yangu mbele ya Ba. Kisha nikajua ile ni harufu ya nini, nikalisogeza bakuli mbali nami.

Jumatatu niliwahi kazini kabla ya wote isipokuwa Mama Koleta, mkaangaji wetu mkuu, Mluguru wa kwetu, mama mwenye mabega mapana na sauti ya kwaya ya parokia. Alikuwa peke yake jikoni, makarai ya chuma yako mekoni yanapata moto. Akashusha kopo la maziwa ya unga kutoka juu ya dirisha, akatoa kitambaa kilichofungwa kama kifundo, akaanza kupaka karai, duara kwa duara, kutoka katikati kwenda ukingoni. Alikuwa anazungumza nalo.

"Kula, mwenzangu. Kula ushibe. Leo usituume."

Nilikuwa nimeyaona haya mara nyingi. Kopo lilikaa wazi juu ya dirisha siku zote, na mimi nilipita chini yake na koti langu jeupe. Bibi yangu alifanya hivyohivyo, na shangazi zangu, na mama yangu kabla hajanunua frampeni ya kisasa. Kwetu chombo kipya cha chuma kinalishwa kwanza, na kila kikisuguliwa kinalishwa tena. Nililiangalia kopo lile kama mnavyoangalia ufagio. Afisa ubora aliyezaliwa Mwanza au Arusha huenda angeuliza siku ya kwanza.

"Mama Koleta, shikamoo. Hilo kopo lina nini?"

"Marahaba. Si ni chakula cha karai."

"Chakula gani?"

"We Resti, umelelewa Matombo au Ulaya? Mafuta ya mkia wa kondoo."

"Unalipaka kila siku?"

"Kila siku nifilisike? Jumamosi tunasugua, Jumatatu linaamka na njaa, nalilisha. Usipolilisha linang'ata ndizi, zinatoka na makovu."

"Lakini pakiti imeandikwa hakuna chochote cha mnyama."

Alisimama, kitambaa mkononi, akaniangalia kama nimemtukania marehemu. "Kwani kuna nyama humo? Nimeweka nyama mimi? Nimelisha karai, mwanangu. Sijalisha mtu."

Hakuwa anadanganya. Nyuma yake mlango wa uani ulikuwa wazi, na ukungu umesimama kizingitini. Nje, walikuwa wameshakaa.

Nilikwenda kwa Bwana Karim. Alinisikiliza akigeuzageuza ufunguo wa gari mezani.

"Ni kidogo, mwanangu. Kupaka tu."

"Ndiyo, bosi. Lakini imeandikwa hakuna chochote."

"Kuanzia leo tunapaka mafuta ya alizeti. Lebo inakuwa kweli, tumemaliza."

"Na Ba?"

Ufunguo ukasimama.

"Yule mama amenilisha mimi," akasema. "Unataka nikamwambie nini? Umri ule, afe na jambo hilo moyoni?"

"Anaamini anakufa tayari, bosi. Kwa sababu ya paka."

"Basi vizuri. Tukibadilisha mafuta, paka wataacha kuja. Wakiacha kuja, atajua hafi. Kila kitu kitakaa mahali pake bila mtu kufungua mdomo."

Niseme ukweli, lilikuwa jibu zuri. Nilipoondoka ofisini nilikuwa mwepesi. Mtakutana na majibu kama hayo kazini. Yanatolewa na watu wenye upendo, na hayana kasoro yoyote mpaka uyapeleke jikoni.

Kopo lilitupwa. Makarai yalisuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka yakang'aa, Mama Koleta akinung'unika muda wote kwamba tunayafanyia ukatili. Tukapaka alizeti. Tukakaanga.

Jumatatu iliyofuata paka walikuja. Walijaa kuliko nilivyowahi kuwaona, na safari hii wengine walikaa juu ya ukuta, wameweka vidole vyao sawasawa kama watu kwenye picha ya darasa. Bwana Karim alitoka akasimama kando yangu mlangoni.

"Labda wamezoea tu," akasema.

Nilichukua krispi mbili. Moja nilikuwa nimeikaanga mwenyewe nyumbani, kwenye sufuria ya bati. Nyingine ilikuwa yetu, ya alizeti, imetoka karaini muda uleule. Nikazitupa mbali mbali. Ile ya nyumbani ilibaki pale mpaka sisimizi wakaikuta.

"Miaka yote hiyo limekula," Mama Koleta akasema kutoka ndani, bila hata kutuangalia. "Mlidhani litatapika kwa siku moja?"

Bwana Karim alirudi ofisini. Mchana ule bado tulifungasha, na bado jani lilibandikwa.

Hapo ndipo usingizi ulipokata kabisa. Nilikuwa na sababu za kunyamaza, na kila nilipoipima moja niliiona ni nzuri. Kosa halikuwa langu. Ba hakujua, na asiyejua hana hatia. Wenzangu wangepoteza kazi. Yeye mwenyewe alikuwa na amani, amekunja nguo zake, anasubiri. Nani ameniweka mimi kuivuruga? Kisha upande wa pili: kila pakiti niliyompelekea ilikuwa inamtoa katika kile alichodhani anakilinda, na inawaita waliomtisha. Nikimwambia, namrudishia uhai wake na namchafulia mumewe. Nisipomwambia, namwachia mumewe na namwachia paka. Nilizunguka hapo mpaka nikaanza kuogopa ngazi za nyumba yetu wenyewe.

Sikuamua kwa hekima. Ba alinipigia simu.

"Resti, mwanangu, niletee pakiti nyingi safari hii. Nataka kufunga mfululizo, mpaka watakapoingia."

"Mpaka watakapoingia nani, Ba?"

"Wamefika mlangoni," akasema. "Usiku nasikia wanavyokaa."

Nilikwenda mchana wa siku hiyohiyo, jua kali, mji mkavu kabisa. Nilibeba pakiti moja. Paka walikuwa ngazini kama kawaida, na nilipopanda walinigeukia mimi, au waliigeukia pakiti, sijui. Alipofungua mlango alivaa miwani, akaweka kidole juu ya jani.

"Hakuna chochote cha mnyama?"

"Kipo, Ba."

Kidole kilibaki palepale.

"Makarai yetu yalikuwa yanapakwa mafuta ya mkia wa kondoo. Sisi wa mlimani tunafanya hivyo, hata kwetu. Tumeacha, lakini chuma kimeshanywa, bado kinatoka. Paka wanafuata hayo mafuta. Ndiyo maana wanakuja siku unazofunga. Hawakusubiri wewe."

"Kondoo," akasema.

"Kidogo tu, Ba, ni..."

"Usiniambie kidogo."

"Samahani."

"Tangu lini?"

"Tangu pakiti ya kwanza."

Hakupiga kelele wala hakukaa chini. Alikwenda mbele ya picha ya mumewe, ile yenye shada la maua ya karatasi, akasimama akiipa mgongo, kama mtu anayemkinga mwingine asisikie. Mimi nilibaki mlangoni, na nyuma ya visigino vyangu nilihisi joto la paka wa ngazi ya juu.

Kisha Ba akaenda jikoni, akarudi na bakuli la chuma. Akaifungua pakiti, akamimina krispi zote, akapita mbele yangu, akaliweka bakuli kwenye ngazi ya juu kabisa.

Walikula. Ngazi nzima ilijaa sauti ya krispi zikivunjika menoni, sauti kavu, ndogo ndogo, na hakuna aliyegombana na mwenzake. Aliyemaliza alijilamba mdomo, akashuka. Mmoja, mwingine, mwingine, mpaka mtaani. Niliwaona kupitia upenyo wa mlango wa chini wakitawanyika juani, wamekuwa paka wa soko tena, wanakimbizwa na watu.

"Kwa hiyo hawakuja kwa ajili yangu," Ba akasema.

"Hapana, Ba."

Sikuweza kujua kama sauti ile ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo au ya mtu aliyenyang'anywa kitu.

Ndipo nikamwona mmoja aliyebaki. Alikuwa kwenye ngazi ya chini kabisa, mkubwa, wa kijivu. Hakuwa amekula. Bakuli lilikuwa na vipande vimebaki, naye hakuliangalia hata kidogo. Alimwangalia Ba.

"Huyo labda hana njaa," nikasema. "Ngoja nimfukuze."

"Mwache." Alivua miwani, akaikunja. "Huyo hakuletwa na jani lako."

Akaufungua mlango mpaka mwisho, akaingia ndani, nikasikia anavuta kiti. Mimi nikashuka. Yule paka alipanda wakati nashuka, tukapishana katikati, na ubavu wake ukanigusa mguuni. Ulikuwa umelowa kama majani ya mlimani asubuhi. Nje jua lilikuwa linawaka.

Sikurudi juu. Nilirudi Bigwa, nikaingia stoo ambako maboksi yalikuwa tayari kwa kusafirishwa, nikakaa juu ya gunia, nikaanza kubandua majani ya kijani. Bwana Karim alitokea mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Nabandua, bosi."

"Ba anajua?"

"Nimetoka kumwambia."

Aliegemea mlango. Baadaye nikasikia gari lake likitoka getini, likikata kona ya kuelekea sokoni.

Lebo zilikuwa ngumu, zinachanika katikati na kuacha nusu ya jani kwenye plastiki. Kucha zilianza kuniuma. Mama Koleta alichungulia, akatazama maboksi, akatazama vidole vyangu, akaondoka. Aliporudi alikuwa na beseni la maji ya moto na kitambaa.

"Lowesha kwanza," akasema. "Gundi hiyo haitoki kwa hasira."

Nikalowesha. Nikaanza na boksi lililokuwa karibu na mlango.